Zuhura Jukwaani: Arusyak Papazian na Utata wa Neno "Wa Kwanza"

Ukiuliza ni mwanamke gani aliyetangulia kupanda jukwaani kuigiza katika jiji la Istanbul, utapata majibu matatu, na kila anayekujibu atakuwa na uhakika wake. Mmoja atakutajia Fanny, mwanamke wa Kiarmenia aliyeonekana katika maonyesho ya mtaani mwishoni mwa miaka ya 1850. Wa pili atakutajia Arusyak Papazian, aliyeingia katika kikundi cha Ukumbi wa Mashariki mwaka 1861. Wa tatu, hasa akiwa amesoma historia ya tamthilia ya Kituruki, atakutajia Afife Jale na mwaka 1920. Tofauti ya miaka 60 si jambo dogo, na bado hakuna anayedanganya kati yao. Kila mmoja anajibu swali lake.

Mimi nataka kukaa na yule wa katikati, kwa sababu ndiye aliyeifanya kazi hii kuwa kazi, na kwa sababu alikuwa pia mwalimu. Mambo hayo mawili, jukwaa na darasa, kwa Waarmenia wa karne ya 19 yalikuwa yamesokotana kama ukili. Ukiyatenganisha, humwelewi tena.

Tuanze na jina. Arusyak ni jina la Kiarmenia la ile nyota ing'aayo kabla ya alfajiri, ambayo sisi tunaiita Zuhura na tunawapa binti zetu jina lake. Dada yake aliitwa Aghavni, maana yake njiwa. Papazian ni jina la ukoo: "papaz" ni kasisi kwa Kituruki, na "-ian" ni kiambishi cha Kiarmenia chenye maana ya "wa ukoo wa". Kwa hiyo mwaka 1861, kikundi cha kwanza cha waigizaji wa kulipwa kilipofungua pazia mtaa wa Pera, waliosimama jukwaani mbele ya watu walikuwa Zuhura na Njiwa, wa ukoo wa Kasisi. Arusyak alikuwa mzaliwa wa jiji hilohilo, wa mwaka 1841. Alikuwa na miaka 20 hivi.

Ili kuujua uzito wa jambo hilo, inabidi kurudi nyuma sana, maana Waarmenia hawakuanza kuigiza juzi. Mwanahistoria Plutarch anasimulia kwamba mwaka 53 kabla ya Kristo, mfalme Artavasdes wa Armenia alikuwa katika karamu ya arusi ya dada yake, aliyekuwa akiolewa na mwana wa mfalme wa Waparthi. Waigizaji walikuwa wakionyesha tanzia ya Kigiriki ya mama aliyepagawa, Agave, ambaye anamuua mwanawe bila kujua na kuingia amebeba kichwa chake. Katikati ya mchezo zikafika habari za vitani, na pamoja nazo kichwa cha Crassus, jemadari wa Roma aliyeshindwa. Mwigizaji akakichukua kichwa kile cha kweli na kuendelea kuimba maneno ya Agave. Ni kisa cha kutisha, na husimuliwa kila inapoelezwa historia ya tamthilia ya Armenia. Watu hukumbuka kile kichwa. Mimi hukumbuka kwamba aliyekuwa akiigiza mama yule alikuwa mwanamume, Jason wa Tralles. Hata uchungu wa uzazi ulisemwa na kinywa cha mwanamume.

Si kwamba wanawake hawakuwapo katika burudani za kale. Mwandishi wa historia Movses Khorenatsi anamtaja Nazenik, mwimbaji mzuri wa sura ambaye "aliimba kwa mikono", yaani mikono yake ilisema kama sauti yake. Lakini Nazenik anaingia katika historia akiwa mali ya bwana mmoja, na anatoka humo akiwa ametekwa na bwana mwingine. Neno la kale la wanawake wa aina yake, "vardzak", lilimaanisha mwimbaji na mchezaji ngoma, na pamoja na hayo lilibeba shutuma ya uasherati. Armenia ilipokuwa nchi ya Kikristo, viongozi wa kanisa waliyapiga vita maonyesho. Katika karne ya 5, Hovhan Mandakuni aliyaandikia mahubiri makali, akiyaita ya kishetani. Kwa hiyo mwanamke wa Kiarmenia aliyetaka kuigiza katika karne ya 19 alikuta neno limeshamsubiri, na halikuwa neno zuri.

Jambo la ajabu ni kwamba tamthilia ilirudi kupitia watawa.

Mwaka 1701, mtawa Mkhitar wa Sebaste alianzisha jumuiya ya watawa Wakatoliki wa Kiarmenia hapohapo Istanbul, na mwaka 1717 ikahamia kisiwa cha San Lazzaro, Venice. Watawa hao, Wamkhitarista, walichapa vitabu, wakakusanya miswada ya kale, wakaandika kamusi na kufungua shule. Katika shule zao wanafunzi waliigiza, hasa majira ya sherehe kabla ya Kwaresima, michezo juu ya wafalme na wafiadini wa Armenia. Lengo lilikuwa mafunzo: mtoto ajue historia ya watu wake, azoee kusema mbele ya watu, na aijue grabar, Kiarmenia cha kale cha maandiko. Waigizaji wote walikuwa wavulana, na mara nyingi nafasi za wanawake ziliondolewa kabisa katika mchezo. Yaani tamthilia mpya ya Waarmenia ilizaliwa haina mwanamke ndani yake, si kama mwigizaji tu, hata kama mhusika.

Vijana waliotoka katika shule hizo walirudi Istanbul, ambayo Waarmenia waliiita Bolis. Mkrtich Beshiktashlian, mshairi, alikuwa mmoja wao. Alifundisha na kuandika tanzia. Srapion Hekimian ni mwingine, na ndiye aliyeandaa maonyesho mnamo mwaka 1856 na 1857, yale ambayo Fanny anatajwa nayo. Angalia mwendo wa mambo: mtawa anamfundisha mvulana, mvulana anakuwa mwalimu, mwalimu anaandika mchezo kwa ajili ya wanafunzi wake, na wazazi wanakuja kutazama. Jukwaa lilitoka darasani. Ndiyo maana waliolitetea baadaye hawakusema "ni burudani njema". Walisema ni shule.

Lakini kwa nini Waarmenia, na kwa nini wakati ule? Milki ya Osmani ilikuwa na jamii nyingi, na katika michezo ya jadi ya Kituruki, ortaoyunu, nafasi za kike zilichezwa na wanaume walioitwa zenne. Mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa kuonekana jukwaani. Aliyetaka kuonyesha tamthilia za kisasa zenye wahusika wa kike alikuwa na njia mbili: ama aendelee kuwavika wanaume magauni, ama atafute wanawake katika jamii za Kikristo. Na Waarmenia wa Bolis walikuwa katika miaka ya joto kali. Mageuzi ya dola ya mwaka 1839 na 1856 yaliahidi usawa kwa raia wa dini zote. Vijana waliosoma Paris walirudi na kudai kwamba mambo ya jamii yasiamuliwe na matajiri na makasisi peke yao. Mwaka 1860 wakatunga katiba ya jamii yao, na serikali ya sultani ikaiidhinisha mwaka 1863. Katikati ya miaka hiyo miwili, 1862, Elbis Gesaratsian alianza kutoa gazeti la wanawake, Kitar. Arusyak anapanda jukwaani mwaka mmoja kabla ya gazeti hilo. Hakuwa kituko kilichotokea peke yake. Alitoka katika kizazi kilichokuwa kikijaribu kila mlango.

Hata hivyo jamii ilimtazama kwa jicho gani? Hapa nitaeleza desturi moja. Katika vijiji vingi vya Waarmenia, bibi arusi alipoingia nyumba ya mumewe alinyamaza. Hakusema na baba mkwe, wala na wakubwa wa nyumba, na wakati mwingine hata na mama mkwe. Aliongea kwa ishara, au kwa kumnong'oneza mtoto amsemee. Ukimya huo uliweza kudumu miaka, na kwa wengine ulidumu hadi wazee wale walipofariki. Bolis haikuwa kijiji, na familia za mjini zilikuwa zimekwisha kulegeza mengi. Lakini wahamiaji kutoka mikoani walijaa mjini humo, na kipimo cha heshima kilikuwa bado kilekile: mwanamke mwenye adabu hapazi sauti mbele ya wanaume wasio jamaa zake. Arusyak alipaza sauti mbele ya ukumbi mzima, usiku, kwa maneno ya mapenzi aliyomwambia mwanamume asiye mumewe. Na kwa kufanya hivyo alilipwa.

Malipo hayo ndiyo yanayomtenga na waliomtangulia. Maonyesho ya miaka ya 1850 yalikuwa ya hiari, ya jioni chache, ya watu wenye kazi zao nyingine. Ukumbi wa Mashariki ulikuwa kikundi chenye jukwaa lake huko Pera, chenye orodha ya michezo iliyobadilika, yenye kazi zilizotafsiriwa kutoka Kifaransa na Kiitaliano na tanzia za wafalme wa kale wa Armenia. Kikundi cha namna hiyo hakiwezi kuishi kwa kukata nafasi za wanawake. Jaribu kumwondoa mke, binti na mjakazi katika vichekesho vya Kiitaliano uone kinachobaki. Kwa hiyo akina dada Papazian hawakuwa pambo la kikundi. Bila wao karibu nusu ya michezo isingechezeka.

Sasa kuhusu ualimu wake. Wengine huutaja kama tanbihi, kwamba "pia alikuwa mwalimu", kana kwamba ni jambo la pembeni. Nadhani ni kinyume. Fikiria ni mwanamke gani wa mwaka 1861 angeweza kufanya kazi ile. Alihitaji kusoma kwa ufasaha na kuhifadhi kurasa nyingi kwa muda mfupi. Alihitaji kuzoea kusimama mbele ya macho ya watu na kusikika hadi safu ya nyuma. Wanawake wenye mazoea hayo walipatikana sehemu moja tu, shuleni. Na kwa kuwa alikuwa na heshima ya ualimu, kumwita "vardzak" hakukuwa rahisi. Ilibidi wasemaji wachague: ama huyu si mwanamke wa heshima, na basi kwa nini anafundisha? Ama ni wa heshima, na basi jukwaa si mahali pa aibu.

Lugha yenyewe ilihifadhi ujamaa huo. Kiarmenia hakina jinsia katika sarufi, hakitofautishi hata "yeye" wa kike na wa kiume, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili atalielewa mara moja. Lakini kina kiambishi "-uhi" kinachotaja mwanamke mwenye cheo au kazi. Usutsich ni mwalimu, na mwalimu wa kike ni usutschuhi. Derasan ni mwigizaji, na wa kike ni derasanuhi. Maneno haya mawili yana mkia mmoja. Katika miaka hiyo kuongeza mkia huo kulikuwa na maana yake, maana ilibidi awepo mwanamke anayestahili kuitwa hivyo. Neno la kale lenye shutuma likaachwa nyuma, na jipya likachukua nafasi yake.

Kuna jambo la lugha ambalo sitalipita haraka. Wakati huo Waarmenia walikuwa wakibishana: waandike grabar, ile ya kanisa na vitabu, au ashkharhabar, lugha wanayosema watu? Michezo ya watawa ilikuwa kwa grabar, na mvulana aliyejifunza maneno kwa moyo aliweza kuyatamka hata kama bibi yake aliyeketi ukumbini hakuelewa kitu. Jukwaa la kulipwa halikuwa na nafasi ya anasa hiyo. Mtazamaji asiyeelewa hanunui tiketi tena. Ikabidi wafalme washuke na kuongea lugha ya nyumbani, na wanawake ndio waliosikika wakiisema vizuri zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha yao siku zote. Waarmenia wengi wa milki hiyo walikuwa wamekwisha kuipoteza lugha yao na kusema Kituruki tu, wakikiandika kwa herufi za Kiarmenia, kama mababu zetu walivyokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa watu hao, kusikia Kiarmenia fasaha kikitoka kinywani mwa mtu aliye hai, kikicheka na kulia, lilikuwa somo ambalo hakuna kitabu kingelitoa. Mwalimu alikuwa jukwaani, darasa lilikuwa ukumbi.

Baada yao mambo yalikwenda upande ambao nadhani watu wa 1861 hawakuutarajia. Mwaka 1870 Hagop Vartovian, Mwarmenia anayejulikana zaidi kwa jina la Kituruki la Güllü Agop, alipewa na serikali haki ya pekee kwa miaka kumi ya kuonyesha michezo ya Kituruki mjini Istanbul. Jukwaa lake lilikuwa Gedikpaşa. Kwa ghafla, waigizaji wa Kiarmenia wakawa ndio sauti ya tamthilia mpya ya Kituruki, na wanawake wa kikundi chake walikuwa Waarmenia. Kizazi cha pili kilikuwa kimefika: Yeranuhi Karakashian na mdogo wake Verkine, Mari Nvart, Azniv Hrachia, kisha Siranush na dada yake Astghik. Wasomi wa Kiosmani walilalamika juu ya matamshi yao. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli wake, lakini lilisahau kwamba bila matamshi hayo kusingekuwa na mchezo wa kulalamikia.

Tarehe 1 Aprili 1873 hapo Gedikpaşa ulionyeshwa mchezo wa Namık Kemal juu ya uzalendo na kuzingirwa kwa ngome ya Silistre. Watu walilipuka kwa shangwe, serikali ikaingiwa na hofu, na mwandishi akapelekwa uhamishoni Famagusta, Kipro. Ni tukio kubwa katika historia ya Uturuki. Katika mchezo huo kuna msichana, Zekiye, anayevaa mavazi ya kiume ili amfuate mpenzi wake vitani. Huyo ni msichana Mwislamu wa kubuniwa, ambaye hakuna msichana Mwislamu wa kweli aliyeruhusiwa kumwigiza. Kilio cha uzalendo wa Kiosmani kilichowatoa watu machozi kilitegemea wanawake ambao hawakuwa Waislamu.

Siranush alikwenda mbali zaidi ya wote. Alizaliwa mwaka 1857, jina lake la nyumbani Merope Kantarjian. Mwaka 1879 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa Bolis walioalikwa Tiflis, jiji ambalo sasa ni Tbilisi, lililokuwa chini ya Urusi na lenye Waarmenia wengi. Huko akawa nyota, na mwanzoni mwa karne ya 20 akamwigiza Hamlet mwenyewe. Kutoka Jason aliyemwigiza mama hadi Siranush aliyemwigiza mwana wa mfalme kuna karibu miaka 2,000. Lakini kutoka Arusyak hadi Hamlet huyo kuna miaka 40 tu. Siranush alifariki Cairo mwaka 1932.

Turudi basi kwenye yale majibu matatu. Fanny ni wa kwanza ukiuliza ni nani alionekana. Arusyak Papazian ni wa kwanza ukiuliza ni nani aliyeifanya kuwa kazi yake, ndani ya kikundi cha kudumu, jina lake likijulikana. Na Afife Jale ni wa kwanza ukiuliza ni mwanamke gani Mturuki Mwislamu aliyethubutu. Ujasiri wake sitaupunguza hata kidogo. Polisi walivamia ukumbi kumtafuta, amri ikatolewa kuwakataza Waislamu wa kike wasionekane jukwaani, na alifariki mwaka 1941 akiwa na miaka 39 tu, baada ya maisha ya tabu. Tatizo linaanza pale vitabu vinapomwita "mwanamke wa kwanza jukwaani" bila kuongeza neno, kana kwamba kabla ya 1920 jukwaa lile lilikuwa tupu. Halikuwa tupu. Afife alipata nafasi yake kwa sababu mwigizaji wa Kiarmenia aliyekuwa akiicheza, Eliza Binemeciyan, alikuwa ameondoka nchini. Alisimama mahali ambapo Mwarmenia alikuwa amesimama jana yake.

Na kusahau huko hakukutokea kwa bahati mbaya. Tarehe 24 Aprili 1915 viongozi na wasomi wa Kiarmenia wa Istanbul walikamatwa, na wengi wao wakauawa. Mmoja wao alikuwa mwigizaji Enovk Shahen. Jamii iliyokuwa ikijaza kumbi na shule ikaangamizwa mikoani na kutawanywa duniani. Mtu akiondoka, kumbukumbu ya kazi yake hubaki mikononi mwa wengine, na wengine huikumbuka kwa namna yao.

Arusyak hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1907. Sultani Abdülhamid wa Pili alikuwa bado madarakani, na kwa miaka mingi maonyesho ya Kiarmenia yalikuwa yamebanwa vikali katika mji uleule ambao yeye na Aghavni walifungua pazia. Mwaka uliofuata, Julai 1908, katiba ya dola ilirudishwa, na vikundi vya Kiarmenia vikarudi jukwaani Bolis. Safari hii hakuna aliyeuliza nani ataigiza nafasi za wanawake.